Nyama ya Miezi Mitatu

Kwanza ni jiwe. Kabla sijafumbua macho, kabla dirisha halijapata hata mstari mmoja wa mwanga, nasikia kisu kikienda na kurudi juu ya jiwe lililolowa maji, shii, shii, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Halafu, chini ya sauti ya jiwe, nasikia sauti ya mama. Anapepeta maharage uani huku akiimba bila maneno, midomo imefungwa, wimbo unatokea puani tu. Vilikwenda pamoja, jiwe na wimbo, na kwa miaka mingi niliamini kwamba kila nyumba ya Katesh huamka hivyo.

Baba alinoa nyumbani kwa sababu hakutaka mnyama asikie. Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza kwangu, kabla hata ya kunifundisha kushika mpini: mnyama haonyeshwi kisu, wala hachinjwi mbele ya mwenzake. Alikuwa mchinjaji. Alitoka Kondoa akiwa kijana, akafuata minada ya ng'ombe mpaka chini ya mlima Hanang, akabaki. Waislamu wa pale hatukuwa wengi. Msikiti wetu ulijaa siku ya Ijumaa tu, tena Ijumaa iliyokaribiana na mnada. Lakini kisu cha baba kilikuwa cha watu wote. Mkristo wa Masakta akioza binti, mfugaji wa Gehandu akizika, shule ikiaga wanafunzi, mtu alitumwa kwetu kwanza: aje mchinjaji, ili kila mgeni ale. Ndivyo watu wetu walivyoishi. Hawakuulizana wanasali wapi. Waliuliza tu, nani amechinja? Wakishaambiwa ni baba, mikono yote iliingia kwenye sinia moja.

Haki yake ilikuwa shingo. Kila aliyemwita alimkatia shingo ya mnyama, na sisi tulikula shingo mpaka nikadhani hiyo ndiyo nyama, sehemu nyingine ni za wageni.

Nilikuwa mtoto wake wa kiume wa pekee. Miaka ile mkoa wetu ulipokatwa kutoka Arusha, watu wakaanza kufungua mabucha yao wenyewe kando ya barabara, yenye vioo na taa nyekundu, na kazi ikaongezeka wakati uleule magoti ya baba yalipoanza kumkatalia. Kisu kikahamia kwangu. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Alisimama nyuma yangu, mkono wake begani kwangu, na nilipomaliza alisema neno moja: "Safi." Tangu nianze kuandika nimesifiwa mara mbili tatu na watu waliosoma sana, na sijapata tena joto kama lile. Nalisema hili mapema ili ijulikane nilikuwa na nini cha kupoteza. Ni mkono ule begani. Sikuwa na kingine.

Mama alikuwa Mwiraqw wa Endagikot, juu kule Mbulu kwenye ukungu na vitunguu swaumu, mtoto wa nyumba ya Kikristo iliyojijua kuwa ya Kikristo. Alipomfuata baba alitamka shahada, akabadili jina, na baba yake mzazi akatangaza kwamba ana watoto watano, siyo sita. Miaka ishirini na mbili hakupanda tena mlima. Kwetu sisi watoto, babu alikuwa upande tu, ule upande mama alioupa mgongo alipoanika nguo.

Kisha babu akafa. Mjomba, kaka yake mama, alituma mtu. Salamu yenyewe ilikuwa fupi: mzee ametutoka, mchinjaji aje, ili dada na watu wake wapate kula. Hilo lilikuwa neno la kwanza kutoka nyumba ile tangu mama aolewe, na lilikuja kwa njia ya nyama. Magoti ya baba yasingeweza baridi ya Mbulu. Akanitazama. "Utakwenda wewe na mama yako. Uchinje vizuri. Ukweni kwangu wasipate la kusema."

Nilichinja dume moja na kondoo mmoja, asubuhi, nyuma ya zizi, na nilichinja vizuri. Mjomba alisimama akinitazama, mikono ndani ya koti.

"Baba yako ndiye kakufundisha?"

"Ndiyo, mjomba."

"Una mkono wa upole. Hiyo siyo ya Kondoa. Hiyo ya kwetu."

Alicheka peke yake. Nilinawa, lakini damu ilikuwa imeshaingia kwenye mikono ya shati, na nilikwenda kaburini kusimama nyuma ya watu nikiwa na shati hilo hilo. Mama alikuwa mbele yangu kidogo, amejifunika kitenge mpaka machoni. Kwaya ikaanza. Waliimba kwa Kiiraqw, polepole, wanaume chini na wanawake juu, na nywele zikanisimama shingoni, kwa sababu wimbo ule niliujua. Ulikuwa wa maharage. Ulikuwa wimbo wa mama wa kila asubuhi, huu hapa, umevaa maneno. Nilimtazama. Midomo yake ilikuwa imefungwa, na koo lake lilikuwa linatembea.

Halafu mchungaji akasoma habari za mtu aliyepelekwa kuuawa kama kondoo, bila kufungua kinywa chake. Watu waliinamisha vichwa kama wanavyoinamisha kwa jambo walilolisikia mara mia. Mimi sikuinamisha. Mimi nilikuwa nimetoka kuchinja kondoo. Mbuzi hulia, hulia kama mtu, anakutukana mpaka mwisho. Kondoo halii. Analala, anakutazama, anakuachia. Nilijua jambo hili kwa viganja vyangu, na nikajua kwamba aliyeandika maneno yale naye alikuwa amewahi kusimama karibu. Maisha yangu yote nilikuwa upande wa kisu, nikiifanya kazi hiyo kwa jina la Mungu na kwa huruma niliyofundishwa. Sasa mtu alikuwa anasema kwamba Mungu mwenyewe alikwenda akalala upande wa pili. Sikujua hata kama inaruhusiwa kuwaza hivyo.

Mchana sikuweza kula.

"Vipi, mjomba," akasema mjomba, akinisogezea sinia, "unaogopa nyama uliyochinja mwenyewe?"

"Sina njaa."

"Una njaa," akasema. "Nimekuona pale kaburini. Una njaa sana wewe."

Nilirudi Endagikot mara nyingi mwaka ule. Nyumbani nilisema nafuata vitunguu swaumu vya kuuza pale kwenye bucha nililokuwa nikichinjia kando ya barabara, na kweli nilirudi navyo, gunia begani. Mjomba alikuwa mzee wa kanisa. Alinifundisha jioni, baada ya kufunga ng'ombe, akiwa na haraka kidogo, kama mtu anayetaka kumaliza kabla mvua haijafika. Niliuliza maswali mengi na hakuyapenda mengi. Lakini sikuja kwa ajili ya majibu yake. Nilikuja kwa ajili ya yule aliyelala bila kulia. Nilimpenda. Sina namna nyingine ya kuliandika. Wakati watu wanapanda mahindi, Jumapili moja ya baridi, nilimwagiwa maji kichwani mbele ya watu wasiozidi thelathini, na Jumatatu nikashuka Katesh nikiwa na gunia langu.

Nilikusudia kumwambia baba siku hiyo hiyo. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mguu kwenye beseni la maji ya moto, na akasema, "Afadhali umerudi. Kesho kuna dume la Masakta." Nikasema nitamwambia baada ya dume la Masakta.

Alfajiri jiwe likaimba. Nikalaza dume, nikaligeuza kibla, nikainama. Mkono wa baba ulikuwa begani. Nikasema maneno yale yale, Bismillahi, Allahu Akbar, na ulimi haukusita hata kidogo. Uliyajua kuliko nilivyoyajua mimi. Nilingoja kitu kitokee. Damu ikatoka kama inavyotoka siku zote.

"Safi," akasema baba.

Baada ya hapo ilikuwa rahisi, na urahisi huo ndio ninaouogopa mpaka leo. Nilijiambia kwamba Mungu ni mmoja na jina lake ni lake. Nilijiambia mengi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepata kwa Mungu kila kitu isipokuwa ule mkono, nikataka na mkono pia. Jumapili nilisali chumbani, chini ya blanketi. Wiki nzima niliwachinjia Waislamu wa Katesh nyama ambayo, kwa imani yao, mtu aliyetoka katika Uislamu kama mimi hawezi kuihalalisha.

Jirani yetu alikuwa mama mmoja aliyeuza maandazi. Mtoto wake wa miaka tisa alikufa kwa homa katika wiki zile. Ilipofika arobaini, alimtoa mbuzi wake mwenyewe, beberu mwenye madoa ambaye yule mtoto alikuwa akimchezea, na akaja kwetu. "Mchinjie mwenzio," akaniambia mimi, siyo baba. "Alikuwa anakupenda." Nilimchinja. Nikamchuna. Nikakaa kwenye mkeka na watu, nikala, na dua iliposomwa nikasema Amina kwa sauti.

Ilijulikana kwa mzaha. Pale bucha palikuwa na benchi ambapo vijana wa stendi walingojea supu, na wiki moja kabla ya mahindi kutoa mbelewele walikuwa watatu, na mwalimu wetu wa madrasa alikuwa amesimama kwenye kioo akingoja nilete kilo yake moja.

"Kaka, utumbo leo upo?" akauliza mmoja.

"Subiri."

"Muulize kwa heshima. Huyo siku hizi ni mchungaji."

"Mchungaji wa nini?"

"Hujui? Shemeji yangu wa Endagikot kanieleza. Kamwagiwa maji huyu, kichwani, chwaa. Nyama unayoila hapa kila siku imebatizwa."

"Ndiyo maana laini."

"Ndiyo maana haivimbishi tumbo. Ina neema."

Walicheka sana, na hawakuwa na ubaya. Walikuwa vijana wa kucheka. Mwalimu alinitazama. Alingoja niseme kitu, neno lolote. Nilikuwa na kilo yake mkononi. Akaichukua, akairudisha polepole juu ya mzani, akafuta vidole kimoja kimoja kwa gazeti, akaondoka bila kuaga.

Jioni, baada ya swala ya alasiri, baba aliniita uani. Alikuwa amekaa mkekani na tasbihi yake. Mama alikuwa pembeni na ungo wake wa maharage.

"Ni kweli?"

"Ni kweli, baba."

"Tangu lini?"

"Tangu watu wanapanda."

Aligeuza kichwa akatazama shamba la jirani, mahindi yalikokuwa yamempita mtu kimo. Kisha akaanza kuvuta punje za tasbihi. Hakuwa anamtaja Mungu. "Dume jekundu la Masakta," akasema, akavuta punje. "Mbuzi wawili wa mwenyekiti. Ndama wa harusi. Jike la Gehandu lililovunjika mguu." Aliwakumbuka wote, kwa rangi, kwa pembe, na kwa waliowala. Alikwenda hivyo taratibu bila kukosea mpaka akafika mahali akasimama.

"Na beberu wa arobaini."

"Ndiyo, baba."

Akaiweka tasbihi chini. Nilitamani anipige. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa.

"Nani amekufundisha?"

Ningeweza kumtaja mjomba, na ingekuwa kweli. Badala yake nilisema: "Wimbo niliusikia kwa mama." Nimeitafuta sababu ya neno hili kwa miaka, nimeandika kurasa juu yake na kuzichana. Sikutaka kuwa peke yangu pale mkekani, ndiyo sababu yenyewe. Sina nyingine iliyo nzuri zaidi.

Baba alimgeukia mama. Ungo ulikuwa umesimama mikononi mwake.

"Miaka ishirini na mbili," akamwambia kwa upole. "Ulikuwa unaimba nini nyumbani kwangu?"

"Ni wimbo tu, baba watoto. Hauna maneno."

"Mtoto wako ameyapata maneno."

Mama akarudi kupepeta, na nilisikia tu maharage yakipanda na kushuka. Asubuhi iliyofuata niliamka na hapakuwa na sauti yoyote.

Siku hiyo baba alivaa kanzu yake ya Idi na kofia, akachukua fimbo, akaniambia nitangulie. Alinipitisha kwa kila nyumba ya Kiislamu iliyokula mkono wangu. Tulipofika alitoa salamu, akakataa kiti, akasema: "Mwanangu ana neno." Kisha akanyamaza, na mimi nikalazimika kulisema. Nyumba ya kwanza nililia. Ya tatu nililisema kama mtu anayetangaza mkutano. Mzee mmoja wa duka la vitambaa alinipungia mkono: "Tumbo langu limeshasahau, nenda zako." Mke wake, ndani, akasema kwa sauti tuisikie, "Mtoto wa mama mlokole huyo, mlitegemea nini?" Baba alitazama ncha ya fimbo yake. Mwalimu wa madrasa alitupokea kwa adabu, akatueleza hukumu bila hasira. Aliyekula bila kujua hana dhambi. Dhambi ni ya aliyejua.

Nilidhani neno hilo lingetusaidia kwa yule mama wa maandazi. Tulimwacha wa mwisho. Alikuwa anakanda unga, na alinisikiliza mpaka mwisho mikono ikiwa ndani ya beseni. Baba akaharakisha kumwambia: "Mwalimu amesema wewe huna dhambi, mama. Huna kabisa."

"Sijauliza dhambi," akasema. "Nauliza ile dua ya mwanangu. Ilifika au haikufika?"

Baba alikuwa mtu mwenye jibu. Alijua mnyama aliyeanguka kisimani, mnyama aliyekatwa juu ya koromeo, mnyama wa nadhiri na mnyama wa akika. Nikamwona anatafuta, na hakupata. Akanigeukia. Ni mara ya pekee maishani aliponitazama kama mtu anayeomba msaada.

"Mjibu," akaniambia.

Nilikuwa na imani mpya, kubwa, iliyonitoa machozi chini ya blanketi kila Jumapili, na sikuona ndani yake hata neno moja la kumpa mama yule. Akangoja. Kisha akarudi kwenye unga wake. Aliukanda kwa nguvu, akiuinua na kuupiga, na sisi tukasimama pale tukisikiliza mpaka baba akasema twende.

Barabarani alisimama kupumzisha magoti. Alikuwa anahema. "Nimekupitisha kwa watu ili asitokee wa kusema nilikuficha," akasema. "Sasa nenda kwa wenzako." Nilimsubiri aongeze kitu. Akahamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, akaenda zake nyumbani, polepole, na sikumfuata.

Hakuna aliyemwita tena baba kuchinja. Hawakumchukia. Waliogopa tu kuuliza nani ameshika kisu. Kijana mmoja kutoka Babati mwenye pikipiki akachukua kazi yote. Na kwenye harusi za Masakta wakaanza kupika masufuria mawili, hili la Waislamu, hili la wengine, na watu wakaanza kukaa mahali tofauti kufuata masufuria. Nimeambiwa mpaka leo ni hivyo. Wanaokaa hivyo hawajui ilianzia wapi. Mimi najua.

Endagikot walinipokea kwa vigelegele. Jumapili ya kwanza mjomba alinisimamisha mbele ya kanisa, akaweka mkono begani kwangu, bega lile lile, na mkono ulikuwa mzito na wa ubaridi. "Walituchukulia dada yetu," akawaambia watu. "Tulilia, mzee akafa na kidonda. Leo Mungu ametulipa. Na ametulipa dume." Kanisa zima lilicheka na kupiga makofi. Nilicheka nao. Halafu wakataka niwaeleze baba alivyohesabu wanyama kwa tasbihi, kwa kuwa nilikuwa nimemsimulia mjomba, na nikawaeleza, na hapo pia walicheka. Nilisimulia vizuri. Nadhani hadithi ya kwanza niliyowahi kuisimulia mbele ya watu ni hiyo, na nilijisikia mwenye nguvu, mpaka nilipokaa.

Sikuacha kuamini. Ningeacha, ningekuwa na pa kurudi. Niliamini kule nyuma ya watu, karibu na dirisha lililovunjika, na mjomba aliponichoka nikapanga chumba kimoja nyuma ya kinu cha kusaga, nikawa nawaandikia watu barua na maombi ya kazi, na jioni nikaandika ya kwangu.

Mwaka mmoja na nusu ulipita. Ilikuwa majira ya ukungu, asubuhi, kinu hakijawashwa, na niliposikia hodi nilidhani ni mteja. Alikuwa mama. Alikuwa amepanda gari la alfajiri, akapita mbele ya nyumba ya kaka yake bila kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, kwa kuwa kiti kilikuwa na karatasi. Alitazama ukuta, karatasi, ndoo. "Unakula?"

"Nakula."

"Baba yako amepata kiharusi. Upande wa kulia wote. Namlisha kwa kijiko, mdomo umekwenda pembeni, maneno hayatoki. Lakini anasikia. Mguu wowote ukipita uani anageuza jicho."

"Ameniita?"

"Nimekwambia maneno hayatoki." Akanyoosha kitenge magotini. "Na yangetoka, asingekuita. Nimekuja mwenyewe. Hajui."

Alikuwa amebakiza siku kumi na moja baba yangu. Wala mama wala mimi hatukujua.

"Twende," akasema mama. "Ukae karibu na sikio lake, utamke shahada. Mara moja tu. Asikie. Halafu urudi huku kwenye baridi yako, mimi sitakuuliza kitu mpaka nakufa."

"Mama, siwezi."

"Ni maneno."

"Siyo maneno tu."

"Mimi niliyasema nina miaka kumi na minane. Sikujua hata maana. Niliyasema kwa kuwa baba yako alikuwa ananichekesha. Nikayasema, nikawa nayaishi, baadaye yakawa ya kweli. Na wewe yaseme tu."

"Na yasipokuwa ya kweli?"

"Basi baba yako atakuwa ameshafika. Atakuwa amekwenda na mwanawe."

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na bidii. Nilikuwa nimesoma habari za watu walioingizwa motoni kwa kukataa kusema sentensi moja, na niliposikia moyo wangu ukidunda niliamini ni huo moto. Nikasema, na nilisema kwa sauti nzuri: "Siwezi kumdanganya mtu anayekufa."

Mama alinitazama. Hakuwa na machozi.

"Miezi mitatu," akasema, "ulitaja jina la Mungu juu ya kila koo, na ulimi haukukwama. Tukala. Na wewe ukala na sisi. Leo ndiyo umekuwa mkweli."

Nilipaswa kunyamaza. Nikasema: "Na wewe ulikwenda kwa babu alipokuwa kitandani?"

"Hakuniita," akasema mama. "Wewe nimekuita."

Akasimama. Nilimwambia kuna chai kwenye chupa, anywe hata kidogo, amekaa garini toka alfajiri. Akasema alikunywa njiani. Hakuwa amekunywa; midomo yake ilikuwa mikavu imepasuka. Akajifunga kitenge kichwani, akakaza fundo. Nikachukua koti nimsindikize mpaka kituoni.

"Usinisindikize," akasema. "Watu wataniuliza wewe ni nani."

Alitoka. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kabla hajafika hata kwenye kinu niliona kitenge, kisha nikaona rangi ya kitenge, kisha ukungu. Nilisimama pale nikisikiliza viatu vyake kwenye changarawe. Baridi ilikuwa inaingia ndani, na karatasi zilianza kupeperuka kwenye kiti. Nikafunga mlango.